Maua ya kibarazani na safari ya Lushoto: kilichoyaua si kiu

"Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tunakaa ghorofa ya tatu, Upanga. Nina vyungu 34 kibarazani: mirehani, mwasumini, pilipili, mchaichai, feni (jamii ya kangaga), mishubiri na vingine ambavyo majina yake siyajui. Hiyo ndiyo starehe yangu nikitoka kazini. Mwaka jana tulikwenda Pangani siku sita. Kabla ya kuondoka nilimwagilia mara tatu, visahani vikajaa, nikasema hapa hakuna kitakachokufa kwa kiu. Niliporudi nikakuta mirehani imelala, feni zimekuwa nyeusi shinani, mwasumini umepukutika. Nikaongeza maji siku hiyohiyo. Ndani ya wiki nikatupa vyungu 11. Mwishoni mwa Julai tunatimiza miaka 10 ya ndoa, na tumepanga kwenda Lushoto siku saba. Mume wangu anasema kule Pangani nilikuwepo mwili tu, roho ilibaki kibarazani, na hataki yarudie. Wapo wanaoniambia niweke kokoto chini ya vyungu, wengine nichomeke chupa za maji, wengine niingize mimea yote bafuni. Nishike lipi? Halafu natamani kurudi na yale maua makubwa ya buluu ya Lushoto, haidrenjia, na yale madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba msituni. Yatakubali Dar?"

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa miaka 10. Nianze na vile vyungu 11, maana naona bado unavibeba moyoni na unaamini ulivitelekeza. Hukuvitelekeza. Ulivizamisha. Nakwambia wazi kwa sababu ukiondoka Julai huku bado unadhani adui ni kiu, utamwagilia mara nne badala ya tatu, na utarudia kulekule.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mmea hupumua kwa majani, somo likaishia hapo. Mzizi nao unapumua. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, sukari hiyo hushuka mpaka mizizini, na mzizi huiunguza kwa oksijeni ili upate nguvu ya kunyonya maji na chumvichumvi za udongo. Oksijeni hiyo haitoki majanini. Mzizi huipata palepale ulipo, kwenye vitundu vidogo kati ya chembe za udongo. Ukimwagilia vizuri, maji hupita, mengine hubaki yameng'ang'ania chembe, na vitundu vikubwa hujaa hewa tena. Kisahani kikijaa na chungu kikakaa ndani ya maji, vitundu vya chini havipati nafasi ya kujaa hewa. Na ndani ya maji oksijeni husafiri polepole mno, karibu mara 10,000 polepole kuliko inavyosafiri hewani. Kiasi kidogo kilichokuwemo mizizi hukimaliza haraka, kisha ncha zake zinaanza kufa. Zikishafa zinaoza, na vimelea vinavyopenda majimaji vinaingia na kupanda hadi shinani. Ule weusi uliouona kwenye feni ni huo.

Sasa fikiri ulichokiona ulipofungua mlango. Mzizi uliokufa haunyonyi, hata ukiwa umesimama ndani ya maji, kwa hiyo jani halipati kitu na linalala. Linalala vilevile kama la mmea wenye kiu. Wewe ukasoma kiu, ukamimina maji. Mtu yeyote angefanya hivyo, kwa sababu macho peke yake hayawezi kutofautisha hali hizo mbili. Zitofautishe kwa mkono na pua. Nyanyua chungu: cha kiu ni chepesi hadi unashangaa, kilichozama ni kizito. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Nusa udongo. Udongo wenye kiu una harufu ya vumbi, ule uliozama unanuka kama mtaro.

Tuje kwenye ushauri uliopewa. Kokoto chini ya chungu ni imani ya siku nyingi, hata vitalu vingine huiuza hivyo, lakini haisaidii kupitisha maji. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweke, kisha ishike ikiwa imelala kama sahani mpaka iache kudondosha. Halafu isimamishe wima. Itadondosha tena, ingawa hujaikamua. Sababu ni kwamba sehemu ya chini ya kitu chenye vitundu hubaki na kina fulani cha maji yasiyotoka, na ukiwa na kimo kirefu juu yake, maji mengi zaidi yanalazimika kushuka. Udongo wa chungu uko vivyo hivyo. Maji hayaruki kutoka kwenye udongo wenye vitundu vidogo kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo ukiweka kokoto umepandisha tu ile sehemu iliyolowa, ukaisogeza karibu na mizizi na kupunguza nafasi yake. Kinachosaidia ni tundu la chini lililo wazi na udongo wenyewe kuwa na hewa: changanya mboji, mchanga wa mto na usumba wa nazi uliooshwa chumvi.

Chupa iliyogeuzwa inategemea udongo. Kwenye udongo wa kichanga humwagika yote kwa saa chache, kwenye udongo mzito huziba na hakuna linalotoka. Sijawahi kuiamini kwa siku saba. Bafuni nakubali kama kuna dirisha kubwa, vinginevyo unayaweka majani gizani, na jani lisilopata mwanga halitengenezi chakula.

Upo Upanga, ghorofa ya tatu, na Julai ni kipupwe. Usidanganyike na ubaridi. Mvua ni haba, na upepo wa kusi unavuma mchana kutwa. Jani likitulia hujizungushia unyevu mwembamba unaopunguza kasi ya maji kutoka. Upepo unaufagia huo, jani linatoa mwingine, unafagiwa tena. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa vyungu ukingoni, kuviteremsha sakafuni nyuma ya ukuta wa kibaraza na kuvibananisha bega kwa bega. Vikiwa hivyo vinatunziana unyevu, na jua la mchana haliwapigi moja kwa moja. Ukifanya hilo tu umeshapunguza mahitaji yao ya maji kwa kiasi kikubwa.

Vyungu vya udongo wa kufinyanga vitie katikati ya kundi, vya plastiki pembeni. Chungu cha udongo hutoa jasho ubavuni, ndivyo mtungi unavyopoza maji ya kunywa, na jasho hilo ni maji ya mmea wako.

Siku tatu au nne kabla ya safari, pogoa mirehani theluthi moja (utapika nayo), chuma pilipili zilizoiva, ondoa majani yaliyozeeka. Majani machache, kiu kidogo. Usiweke mbolea wiki hiyo.

Mishubiri na mimea yote yenye majani manene, usiiguse. Siku saba kwao si kitu. Vyungu vikubwa vya mchaichai, mwagilia asubuhi ya kuondoka mpaka maji yatoke chini, subiri saa moja, kisha mwaga maji yote ya visahani. Wanaobaki ni wanywaji: mirehani, pilipili, feni, na mwasumini kama uko kwenye chungu kidogo. Hao ndio wa kushughulikiwa.

Hapa namwomba mumeo aingie kazini. Mpe mizani ya jikoni. Mwagilia mrehani mmoja asubuhi, uache uchuje, mpime. Kesho saa ileile mpime tena. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hiyo tofauti mtakayoiona ndiyo kiasi alichokunywa kwa siku. Tuseme umepoteza gramu 250. Kwa siku saba ni lita 1 na robo tatu. Vyungu sita vya namna hiyo vinahitaji lita kumi na nusu. Pima na pilipili, pima na feni, kila mmoja ana tabia yake. Mkishaandika namba hizo kwenye karatasi mmeacha kubahatisha, na nadhani hata moyo wako utapoa. Wasiwasi mwingi wa kule Pangani ulitokana na kutojua.

Maji hayo wape kwa utambi. Kama umewahi kupikia jiko la mchina unajua tayari jinsi unavyofanya kazi: mafuta ya taa yako chini kwenye tangi, tambi za pamba zinayapandisha mpaka juu bila pampu, na kadiri yanavyoungua ndivyo mengine yanavyofuata. Maji hupanda utambi kwa njia hiyohiyo. Kadiri mmea unavyonywa na udongo unavyokauka kidogo, udongo unavuta. Ukishalowa kiasi chake, mvuto unapungua. Mmea unajipimia wenyewe, jambo ambalo si wewe wala jirani mnaloweza kulifanya kwa mkono.

Chukua fulana kuukuu ya pamba halisi, ichane vipande vya upana wa vidole viwili, visokote. Vilowanishe kabisa kwanza, maana utambi mkavu ni mvivu kuanza. Upande mmoja uzike kwenye udongo kina cha kidole kizima, karibu na mizizi. Upande mwingine uzame mpaka chini ya chombo cha maji, uufunge na nati au jiwe dogo usielee. Udongo wa chungu uwe umeshalowa siku hiyo: ukiwa mkavu, uzi wa maji unakatika pale utambi unapokutana na udongo.

Watu wanakosea kwenye chombo. Wengi huchukua ndoo na kuiweka juu ya stuli. Usifanye hivyo. Uso wa maji ukiwa juu kuliko chungu, utambi unageuka kuwa mpira wa kufyonzea, maji yanateremka yenyewe usiku kucha na unarudia ya Pangani. Ukiweka ndoo ndefu chini nayo, maji yakipungua kimo cha kupanda kinazidi nguvu ya pamba. Tumia beseni pana, lisilo na kina kirefu, uso wa maji uwe chini kidogo ya uso wa udongo wa vyungu. Matofali mawili yatakusaidia kulinganisha. Beseni la lita 20 katikati, vyungu sita kulizunguka, kila kimoja na utambi wake. Wanywaji wakizidi sita, tengeneza mabeseni mawili.

Jaribu kabla. Kama mnaondoka Ijumaa, beseni liwe limesimama tangu Jumatatu, ili Alhamisi uwe umeona chungu kipi kinakunywa kupita kiasi (punguza upana wa utambi) na kipi hakinywi (ongeza utambi wa pili). Mtu anayefunga tambi asubuhi ya safari, begi likiwa mlangoni, hawezi kusafiri kwa amani.

Na tafadhali funika beseni. Dar imeshapata milipuko ya homa ya dengi, ya mwaka 2014 na ya 2019 wengi tunaikumbuka, na mbu wake huzaliana hasa kwenye maji tulivu ya majumbani: ndoo, matairi, visahani vya maua. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10 kwenye joto letu. Safari yenu inatosha kabisa kumkuza. Funga kitambaa cha chandarua juu ya beseni kwa mpira, tambi zipite pembeni pasipoachwa upenyo, na visahani vyote viachwe vikavu.

Kuhusu jirani au binti wa kazi: kwa safari ya zaidi ya siku kumi, mtu ni bora kuliko utambi, kwa sababu beseni litakwisha. Kwa siku saba, mimi ningechagua utambi, na mtu aje mara moja tu katikati kuangalia beseni. Anayependa kukusaidia hupenda aonekane amesaidia, hivyo atamwagilia kila siku, mchana na jioni. Ukimwachia ufunguo, mwachie na sharti moja: aguse udongo kwanza, na ukiwa na unyevu asimwage kitu.

Sasa maua ya kurudi nayo. Hapa nitakukatisha tamaa nusu.

Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo unapopita Mombo na kuanza zile kona za kilomita 30 na ushee kupitia Soni, unaingia hali ya hewa nyingine kabisa. Haidrenjia ni mtoto wa baridi. Ili itengeneze vichipukizi vya maua inahitaji kama wiki sita za joto lililo chini ya nyuzi 18, na Dar hata kwenye kipupwe haipati wiki sita za namna hiyo. Ukiileta itaishi kwa muda, itatoa majani, majani yatalala kila mchana, na maua yale uliyokuja nayo ndiyo yatakuwa ya mwisho. Ile buluu nayo si ya mmea pekee. Udongo wa Usambara una asidi, ndiyo maana chai inastawi huko, na kwenye udongo wa asidi aluminiamu huyeyuka, mmea ukainyonya na ua likageuka buluu. Kwenye udongo wetu wa pwani wenye matumbawe, mmea uleule hutoa maua ya rangi ya waridi. Kwa moyo mmoja nakushauri uyaangalie kulekule, mpige picha mbele yake, umwachie mwenye bustani.

Yale madogo ya zambarau ni jambo jingine, na nafurahi umeyataja. Huko duniani huuzwa kwa jina la urujuani wa Afrika, na hukaa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani bila wenye nyumba kujua kwamba kwao ni Usambara. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa mmea huo jina la Saintpaulia. Aina zake za porini sasa nyingi ziko hatarini kwa sababu misitu inakatwa, na nyingine zimebaki kwenye vipande vidogo tu vya miamba. Kwa hiyo hata ukikuta shina moja limejiotea kwenye jabali, Magamba au kwingine, usiling'oe. Misitu ile ni hifadhi, na ukichukua shina moja huenda umechukua sehemu kubwa ya waliobaki mahali pale. Chukua picha.

Lakini yaliyozalishwa kwenye vitalu, nunua bila wasiwasi. Baadhi ya ndugu zake hukua chini kabisa karibu na Tanga, kwa hiyo joto la pwani si geni kwa ukoo huo, ila mmea haupendi jua kali. Uweke ndani, karibu na dirisha linaloangalia kivulini, si kibarazani kwenye upepo. Januari na Februari utahangaika nao, nisikufiche. Majani yake yana manyoya na maji yakitua juu yanaacha madoa, ndiyo maana wakuzaji wengi wa maua haya huyanywesha kwa utambi kutoka chini. Utakuwa umeshajifunza kazi hiyo. Wakati wa kurudi usiweke chungu kwenye buti la gari wala chini ya basi. Kipakate, na kuanzia Segera kushuka kikinge na jua la dirishani.

Mimea mipya ikifika, iweke mbali na mingine kwa wiki mbili. Geuza majani uangalie wadudu weupe kama pamba. Ukiwaona, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kabla hawajahamia kwa mirehani yako.

Mkirudi usiku, usishike kopo la maji. Pumzikeni. Asubuhi nyanyua kila chungu, ingiza kidole, nusa. Chepesi kinyweshe maji. Kizito kilicholala kitoe kwenye chungu uangalie mizizi: myeupe na migumu iache ichujike kivulini bila maji, ya kahawia inayochubuka ukiibana kwa vidole ikate kwa mkasi safi, upande upya kwenye udongo mkavukavu na upunguze majani.

Mmea ukiwa mweusi shinani na laini, hauponi, utupe pamoja na udongo wake na usiutumie udongo huo tena. Ukiona mimea mitatu au minne ya aina tofauti inaoza kwa pamoja ingawa hukuvimwagilia kupita kiasi, au majani yana madoa yanayosambaa kutoka chungu hadi chungu, hapo majibu ya kuandikiana hayatoshi. Tia tawi na mizizi kidogo kwenye mfuko wa karatasi, mpelekee afisa ugani wa kata yako, au ufike kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kule Mikocheni uulize pa kupimia. Wakuone nao wauone mmea, na usinyunyize dawa yoyote ya dukani kabla ya hapo, maana sumu nyingi zinazouzwa hazihusiani na ugonjwa unaoukuta, na hiyo mirehani mnaila.

Mwisho, chukueni masweta. Julai Lushoto usiku ni baridi kweli. Siku moja amkeni mapema mwende Irente kabla ukungu haujapanda, mtazame nyika ya Mazinde kwa chini. Kule juu beseni lako litakuwa siku ya tatu au ya nne, limeshuka kama robo hivi, kama namba za mumeo zilivyosema.